Waraka wa Kuitikia kwa Kichwa

Ijulikane kwa wote kwamba Jumatatu ile, saa nne kamili asubuhi, Idara ya Vibali na Mihuri iliacha rasmi kutumia mikono. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa gundi nzito kuliko karatasi yenyewe. Lilisema ukumbi wa gofu ya ndani umekamilika, na kwamba mtambo wake unaendeshwa bila kuguswa. Wahenga walidai mkono mtupu haulambwi. Kamati ya watu tisa ilikaa wiki sita, ikaona usemi huo umepitwa na wakati.

Sababu ya Idara kuhitaji gofu ilikuwa wazi. Hakuna ofisi inayoweza kutoa kibali cha kibanda cha mbao ikiwa mkuu wake hajapumzisha mawazo, na viwanja vya nje vina jua. Kwa hiyo kikatafutwa chumba kikubwa, kikavu, chenye dari ya juu. Kilikuwepo kimoja tu, nacho kilikuwa masjala.

Mtunza masjala, ambaye kila mtu alimwita Bi Masjala, hata mumewe, alipewa siku mbili za kuhama. Alikuwa amezipanga faili humo kwa miaka ishirini na sita, na angeweza kukutolea yako huku akiongea na simu. Sasa faili elfu kumi na moja zilikuwa zimelala koridoni, chini ya dirisha lisilo na kioo. Ijumaa zingechomwa moto, ili kupisha kabati la viatu vya gofu. Bi Masjala hakulia. Alitandaza nailoni juu ya zile za herufi M, akaketi juu ya zile za herufi K.

"Dada, yangu bado ipo?" aliuliza mjane mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa akifuatilia kibali cha kibanda chake kwa mwaka wa nne. Ilikuwa imebaki saini ya Mkurugenzi Mkuu tu.

"Ipo. Nimeikalia."

"Basi usiinuke."

Lakini siku ya uzinduzi ilibidi ainuke, akachukue kalenda yake iliyosahaulika ukutani mle ukumbini. Akamkuta Fundi Waya juu ya ngazi, bisibisi sikioni, akikaza kamera darini.

"Na huyu mdudu ni wa nini?"

"Mkubwa atakuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili, mama. Anapiga mpira kwenye kile kitambaa, uwanja unaonekana palepale. Sasa vitufe abonyeze nani?"

"Si yupo Afisa Vitufe?"

"Amestaafishwa kwa manufaa ya umma. Siku hizi kamera inauliza swali pale kwenye kitambaa, nawe unajibu kwa kichwa. Ukiitikia ni ndiyo, ukikitikisa ni hapana. Vichwa vikiwa vingi, inahesabu: wengi wape. Halafu imeunganishwa na daftari la vyumba, mtu asije akaitisha kikao mkubwa akiwa uwanjani."

Upande wa sheria nao ulikuwa umeshughulikiwa. Kwa kuwa kila pigo lilihitaji saini, na mikono haikuwepo, Mkurugenzi Mkuu alitoa Waraka Namba Kumi na Nne: kuitikia kwa kichwa mbele ya kamera ni saini halali. Saini hiyo hukauka baada ya dakika moja, na ikishakauka haitenguliwi ila kwa ombi la maandishi. Afisa Sheria aliutunga waraka huo, akaupiga muhuri, kisha akauogopa.

Saa nne, Mkurugenzi Mkuu aliingia na suruali nyeupe na kofia ya kujikinga na jua. Maafisa arobaini wakamfuata kwa mpangilio wa vyeo. Walikuwa watu wa uzoefu mkubwa. Wengi wao walikuwa wamepandishwa madaraja kwa shingo.

Kitambaa kikaandika: WACHEZAJI WAWILI WANAHITAJIKA.

"Mwandike yeyote," Mkurugenzi Mkuu akamwambia Fundi Waya. Macho yake yakatua kwa Bi Masjala na kalenda yake. "Mwandike huyo mama. Zamu yake itafika kuku wakiota meno."

Maafisa wakacheka, wakubwa kwanza.

Akapiga. Mpira ukaruka vizuri, ukazama ziwani. NI KOSA. LIKUBALIWE? Akatikisa kichwa kwa nguvu: hapana.

"Ni huu upepo," akawaambia maafisa.

Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa matofali. Vichwa arobaini vikaitikia. KOSA LIMEKUBALIWA, arobaini kwa mmoja.

Mpira wa pili ukaingia msituni. "Fimbo fupi," akaeleza, na vichwa vikaitikia. Wa tatu hakuugusa kabisa, akasema alikuwa anapima. Hapo waliitikia kwa heshima zaidi, wengine mara mbili.

Alipofikisha makosa kumi, kitambaa kikatoa swali jipya. Maafisa hawakulisoma, kwa kuwa walikuwa wakimtazama mkubwa. Mkubwa hakulisoma, kwa kuwa Fundi Waya alikuwa akimnong'oneza.

"Mheshimiwa, hawa ndugu wanakuumiza. Vichwa vyao vitulie."

Bi Masjala alilisoma. Kusoma ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mkurugenzi Mkuu akageuka. "Jamani, kuanzia sasa hakuna kuitikia humu ndani. Atakayeitikia, nampeleka ghala la matairi."

"Mheshimiwa," Bi Masjala akasema kwa upole, akikunja kalenda, "agizo lisilothibitishwa si agizo. Ndivyo kanuni zinavyosema. Waulize kama wameelewa."

"Mmenielewa?"

Vichwa arobaini vikaitikia.

Swali lilikuwa: MCHEZAJI WA KWANZA AMEKOSA MARA KUMI. CHUMBA AKABIDHIWE MCHEZAJI WA PILI?

CHUMBA KIMEKABIDHIWA, kitambaa kikajibu. SAINI AROBAINI. ZITENGULIWE? DAKIKA MOJA.

Mkurugenzi Mkuu akasoma polepole, kofia ikimteleza. "Itikieni," akasema. "Jamani, itikieni."

Shingo arobaini zilisimama kama nguzo za umeme.

"Nyie, si nawaambia muitikie?"

Afisa Sheria alijibu bila kusogeza hata nyusi. "Mheshimiwa, agizo la kutoitikia tumelielewa. Tena tumelitia saini."

Dakika ikaisha. Saini zikakauka.

Kufikia saa saba faili zote zilikuwa zimerudi ndani. Maafisa walizibeba wenyewe, kwa mikono. Fundi Waya hakuiondoa kamera, maana kuiondoa kulihitaji kamati. Bi Masjala alimnong'oneza jambo, naye akabonyeza mahali, akapanda zake ngazi kama mtu anayekagua taa.

Ndipo akaja Mkurugenzi Mkuu na ombi lake la maandishi, fimbo bado mkononi, akasimama nyuma ya mjane, aliyekuwa ameshafika mbele ya meza.

Bi Masjala alilisoma ombi lote, akalipiga muhuri wa kupokelewa. "Litafunguliwa faili, Mheshimiwa. Lakini huyu mama ana mwaka wa nne kwenye foleni. Wewe unafuata baada yake. Umenielewa?"

Mkurugenzi Mkuu hakuzaliwa mkurugenzi. Naye alipanda ngazi zote zile kwa shingo, na shingo haisahau. Akaitikia.

Juu darini, kamera ikapepesa. Kitambaa kikaandika: KIBALI CHA KIBANDA CHA KUSHONEA. SAINI YA MKURUGENZI MKUU IMEPOKELEWA.

Mjane akakunja karatasi yake ya kibali, akaitia kifuani, akatoka bila kuangalia nyuma.

"Na langu mimi?" akauliza Mkurugenzi Mkuu.

Bi Masjala alikuwa anapigilia msumari wa kalenda. "Njoo kesho," akasema.