Wiki Niliyoiongezea Injini Nguvu

Jumatatu, 6 Mei

Mwaka wa thelathini na mbili tangu tutoke kwetu. Naiandika hesabu hiyo kwa sababu jana nilikumbushwa na watu wawili, na wote ni wa tumbo moja.

Mke wangu alianza. Mpaka umefunguliwa, vita vilikwisha zamani, makaburi ya wazazi yameota majani, twende tukayaone. Nikasema sawa. Ila mimi nilitoka kwetu juu ya pikipiki, yeye akiwa nyuma amenishika kiuno, na nitarudi juu ya pikipiki ileile. Kwa basi, hapana! Mtu aliyefukuzwa harudi amebanwa dirishani na mfuko wa mikate magotini.

Hapo shemeji yangu akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Huyu ni mdogo wake mke wangu. Aliuza viatu maisha yake yote, na siku hizi anajiita Injinia. Ana pikipiki sawasawa na yangu: kiwanda kimoja, mwaka mmoja, injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli na kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Akasema, "Shemeji, ile yako haipandishi hata kuku mlimani, sembuse dada yangu."

Damu ikanichemka. Nikamwambia Jumapili, kwenye mashindano ya kilima ya chama chetu cha pikipiki za zamani, tutaonana. Atakayeshindwa atoe injini yake, iwe spea ya mwenzake. Kiwanda kilikufa siku nyingi na spea hazipatikani popote, kwa hiyo ahadi hiyo si ya mchezo. Niliitoa kabla sijaifikiria. Yeye akaikubali kabla sijaimaliza.

Injini ikienda, safari nayo imekwenda. Kwa hiyo injini hii haitoki mkononi mwangu.

Jumanne, 7 Mei

Nimeanza na tundu la moshi. Liko ubavuni mwa silinda. Ukilichonga kwa juu, moshi unatoka mapema, injini inazunguka kwa kasi zaidi, nguvu inaongezeka. Vitabu vyote vinasema uchonge kidogo, kidogo sana. Vitabu vimeandikwa na waoga. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji mpaka nilipostaafu, na najua vizuri vitabu vinavyokosea.

Nimechonga kwa tupa juu ya meza ya jikoni, tangu asubuhi. Mke wangu akauliza kwa nini chumvi inameta. Nikamwambia nina kazi. Akasema hata yeye ana kazi, na kazi yake inaliwa. Tumekula wali wenye vumbi la chuma.

Tundu sasa ni pana. Zuri! Mtu anaweza kuchungulia.

Jumatano, 8 Mei

Kifuniko cha silinda. Ukikipunguza unene, mchanganyiko unabanwa zaidi kabla ya kuwaka. Lakini lazima kisuguliwe juu ya kitu kilichonyooka kabisa, na katika nyumba hii kitu kilichonyooka kabisa ni kioo cha meza ya kujipambia ya mke wangu. Nikakilaza sakafuni, nikatandika msasa juu yake, nikasugua. Kazi safi.

Msasa uliteleza mara moja tu. Mara moja! Sasa kioo kina mkwaruzo unaoanzia paji la uso na kuishia kidevuni. Mke wangu alijitazama, akanitazama, akaniuliza kama na mlima wa mpakani nao nitausugua upungue. Nikamwuliza yuko upande wa nani. Akasema yuko upande wa makaburi. Yeye haendi kuwaonyesha marehemu pikipiki, anakwenda kuona mama yake alipolala.

Hayo ni maneno ya mdogo wake. Nayajua kwa harufu.

Alhamisi, 9 Mei

Majaribio. Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi.

Gia ya kwanza, hakuna kitu. Injini inaguna kama mtu anayeamshwa. Mama mmoja mwenye mtoto kwenye kigari alinipita, kisha akapunguza mwendo kwa heshima. Nikaongeza mafuta. Hakuna. Nikaongeza zaidi. Tulipofika duka la dawa nguvu ikaja yote kwa pamoja, kama mlango uliopigwa teke. Nikapita duka la dawa, nikapita kona yangu, nikapita nyumba yangu. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alinipungia mkono.

Jioni Mwenyekiti wa chama alinipigia simu. Ni daktari wa meno mstaafu, mtu wa sauti ya kubembeleza. Akaniuliza kama ile kelele iliyosikika mjini ilikuwa yangu au kuna msumeno umeharibika. Nikamwambia Jumapili atajua.

Ijumaa, 10 Mei

Nguvu iko juu tu, chini haipo. Nimepata dawa yake: kuwahisha moto. Kuna kisahani chenye platini, ndicho kinachoamua plagi itoe cheche wakati gani. Ukikizungusha kidogo, cheche inatangulia, na pistoni inakutana na moto ikiwa bado inapanda. Nimekizungusha.

Nikapiga kiki. Kiki nayo ikanipiga. Pedali ilirudi juu kwa kishindo, ikanigonga ugoko, nikaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye kamba ya nguo. Mtu mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi! Injini iliyojaa nguvu lazima irushe mateke.

Plagi nimeitoa nikaitazama. Nyeupe pe, kama jino la Mwenyekiti. Ya shemeji huwa kahawia. Mtu mchafu, plagi chafu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda kwa shemeji kumjulia hali. Si kweli. Nimekwenda kuchungulia kabureta yake. Pikipiki ilikuwa imefunikwa shuka, na yeye amekaa kando yake kwenye kiti, na chai, kama anayemlinda mgonjwa.

Akanitazama ninavyochechemea. Hakucheka, jambo lililonikera zaidi. Akasema, "Shemeji, umewahisha moto, sivyo? Rudisha kisahani nyuma. Injini hizi zina kichaa chake, hazijui mbele wala nyuma. Ukizizidishia hapo, zinaweza kuzunguka kinyume."

Nikamwambia aliyeuza ndara asinifundishe mwako wa petroli. Akasema hakuuza ndara, aliuza viatu vya ngozi. Nikamwambia ngozi yenyewe ilikuwa karatasi. Dada yake alivaa jozi moja, mvua ikanyesha, akarudi nyumbani na kamba tu. Hapo akarudi kwenye chai yake. Nilishinda.

Njiani nikawaza. Kwa nini mshindani wangu aniambie nirudishe nyuma? Kwa sababu anaogopa. Nimefika nyumbani nimekizungusha kisahani zaidi. Mbele!

Jumapili, 12 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Watu walijaa chini ya kilima. Kwenye mstari tulikuwa wawili, shemeji kulia kwangu. Nyuma yetu, chini ya turubai, palikuwa na meza ya Mwenyekiti, vikombe, birika na kombe la chama. Mke wangu alisimama kando ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakuangalia pikipiki. Aliniangalia mimi, na nikajua anaitaka safari ile kuliko alivyowahi kusema.

Injini ilikuwa inanguruma kwa uzito. Ikakohoa. Ikataka kuzima, ikashika tena. Mlio ulibadilika kidogo, kama mtu aliyebadilisha mada katikati ya mazungumzo. Sikujali. Shemeji akageuka ghafla akapiga kelele nizime. Nizime! Nikamwonyesha meno.

Bendera ikashuka. Nikaachia klachi.

Nguvu niliyoitafuta wiki nzima niliipata, yote, bila kupungua hata chembe, kuelekea nyuma. Niliingia chini ya turubai kwa makalio. Birika likaja kifuani, kombe likanipita sikioni, Mwenyekiti akapanda juu ya kiti kama mtu aliyeona panya. Meza ikanisimamisha. Turubai ikanifunika. Humo gizani injini ilikuwa bado inazunguka, kinyume, kwa furaha, nikaisikia sauti ya mtu akisema, "Mzee yupo hai?" na nyingine ikajibu, "Anatukana."

Shemeji hakupanda kilima. Aliacha pikipiki yake mstarini akaja kunifunua. Mwenyekiti, mwenye chai hadi sokisi, akamwambia mashindano bado, apande. Akapanda polepole, akafika juu, akashuka. Basi, akashinda.

Jumatatu, 13 Mei

Asubuhi shemeji alikuja mwenyewe. Akasema hataki injini. Lilikuwa neno la hasira, limekwisha. Irudishwe ilivyokuwa, atanisaidia, ana silinda moja nzima chini ya kitanda. Safari ya sasa twende kwa basi, sote watatu. Akasema nitakaa dirishani.

Ana huruma! Muuza viatu ananihurumia!

Nikafungua boliti zote mbele yake, kwa mkono mmoja, nikaitia injini kwenye toroli, nikaisukuma barabara nzima mpaka mlangoni kwake. Alitembea kando yangu njia yote akisema, "Shemeji, usifanye hivi. Shemeji, jamani." Nikaimwaga kizingitini. Mimi ni mtu wa kutimiza ahadi.

Mke wangu hakugomba. Akaniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Baba, huji?" Nikamwambia anajua nilivyosema. Akaenda kutoa sanduku juu ya kabati.

Alhamisi, 16 Mei

Wameondoka na basi la alfajiri. Ameniachia chakula cha siku tatu na kanga yake moja kitini, sijui kwa nini. Shemeji alipunga mkono kwa muda mrefu. Mimi sikupunga, mkono mmoja unauma na mwingine ulikuwa mfukoni.

Nilipitia kwa muuza vyuma chakavu. Nimepata injini ya mipigo miwili iliyotoka kwenye pampu ya maji. Ndogo, lakini ina roho. Nimeifungua hapa mezani. Tundu lake la moshi ni dogo mno, na aliyelitengeneza alikuwa mwoga. Kisahani cha platini nacho kimewekwa nyuma sana. Nimekwisha kukizungusha. Tupa iko hapa, kioo bado kipo, na leo hakuna wa kuuliza habari za chumvi.

Mke wangu ameacha karatasi mlangoni, ameandika kwamba kama nikibadili nia, basi lingine lipo Jumamosi. Nimeisoma. Ina kosa moja la herufi, nimelisahihisha.

Kwetu sitarudi.