Urui wa Kwanza Bondeni

Jumatatu, 15 Aprili

Mdomo wangu huu! Jana nilizungumza kwa simu na Bwana Shirakawa wa Sendai, baba wa kijana anayetaka kumwoa Satsuki wangu. Pombe ya sake ilikuwa imeshanipanda kidogo. Nikamwambia wakija Jumapili atakula urui, ile mboga yetu ya mlimani, wa kwanza wa bonde hili zima, uliokatwa kwa mkono wangu. Akauliza kwa adabu kama kweli kwetu unachipuka mapema hivyo. Nikasema wangu ndio huwa wa kwanza kila mwaka!

Uongo mtupu. Wa kwanza kila mwaka ni wa Okuyama, jirani yangu. Mteremko wake unatazama jua. Wangu unatazama mgongo wa ghala lake.

Nimekwenda kuangalia. Theluji hadi magotini. Watu wa mjini huupanda mmea huu uani kwa urembo, wanauita hosta, wanaridhika kuutazama tu. Heri yao. Hawana mkwe wa kumlisha.

Satsuki naye amepiga simu. Ameniomba kitu kimoja: "Baba, safari hii usiwe na mipango." Mipango gani? Nimeumia.

Jumanne, 16 Aprili

Mpango wa kwanza. Majivu! Huku kila mtu humwaga majivu ya makapi ya mpunga juu ya theluji ili iyeyuke upesi. Mimi nimemwaga magunia yote yaliyokuwa ghalani, kwa mpigo. Upepo ukageuka. Sikujua kwamba Fumie alikuwa ameanika magodoro. Mke wangu si mtu wa kelele. Ameniuliza tu kama usiku ningependa kulalia lile jeusi au lile jeusi zaidi.

Lakini theluji imesalimu amri. Kufikia alasiri udongo umeonekana. Hakuna kilichochipuka. Nimeangalia kwa miwani, halafu bila miwani.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeamua kulinda. Urui ukiachwa peke yake hauna haraka. Nimechukua pipa dogo la Fumie la kutilia achari, nikalipindua katikati ya shamba, pale palipokauka kidogo, nikalikalia. Chini ya pipa nimeweka chupa ya maji moto ili makalio yasigande. Magotini, blanketi la meza yetu ya kuotea joto. Macho mbele, kwenye udongo. Siku nzima. Wapi!

Okuyama amepita. Akasimama, akanitazama weee. "Vipi, Tokuzo, umeanza kuatamia? Vifaranga vinatoka lini?" Akacheka mpaka kengele ya kufukuzia dubu iliyo kiunoni mwake ikalia yenyewe. Sikumjibu. Nilikuwa na jibu kali sana, ila limenijia wakati wa chakula cha jioni.

Fumie anatafuta pipa lake. Nimesema sijaliona.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimebadilisha maji ya chupa, nikakaa tena, safari hii na darubini. Kwangu udongo. Kwa Okuyama, kijani! Ncha za kijani, zimesimama wima, zinanitazama! Moyo ulinidunda mpaka darubini ikatikisika. Leo ataula na rojo la miso, kesho kijiji kizima kitajua, Jumapili mtu atamnong'oneza Bwana Shirakawa kwamba Tokuzo ni mwongo. Na binti wa mwongo nani atamtaka?

Mpango wa pili, basi. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji nikamwambia nimeona dubu kwenye mteremko wa Okuyama. Dubu mkubwa. Nadhani niliongeza na watoto wake. Nia yangu ni ndogo tu, Okuyama akae ndani hadi Jumapili.

Ijumaa, 19 Aprili

Kipaza sauti cha kijiji kimetuamsha sote. Dubu! Wawindaji wamekuja na bunduki. Njia ya mlimani imefungwa kwa kamba, na njia hiyo ndiyo inayokwenda shambani kwangu. Hilo sikulifikiria. Fumie ameficha viatu vyangu ili nisitoke. Okuyama je? Yuko kule kule juu, anawaongoza wawindaji, anakata urui wake huku analindwa na bunduki!

Satsuki amepiga. Akina Shirakawa wamesikia habari za dubu, wanasita kuja. Nimemwambia dubu ameshaondoka. Akauliza nimejuaje. Nikasema namfahamu. Kisha akasema wazee wale ni watu wema, na kijana wao ni mtu mwema, na yeye amechoka kungoja watu wema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama zamani alipokuwa akiumwa meno.

Naogopa. Sijala kitu leo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimetoka kwa mlango wa jikoni na viatu vya Fumie, visigino nje. Kwa kuwa njia imefungwa, nimepitia kijitoni. Na pale, kando ya maji, nini hicho? Majani! Mabichi, manene, yamejikunja vizuri, tele! Nilikaa chini nikalia kidogo. Kisha nikajaza kikapu.

Nyumbani Fumie ameligeuza jani huku na huku. Anasema mishipa yake haimpendezi. Nimwonyeshe Okuyama kwanza, kama kila mtu hapa kijijini anavyofanya kabla ya kula kitu cha mlimani. Nimwonyeshe Okuyama? Bora nife!

Jumapili, 21 Aprili

Nitaandika yote.

Wamekuja. Bwana Shirakawa ni mtu mdogo, mpole, anainama sana. Mkewe ameleta keki. Satsuki amevaa lile gauni la bluu. Nikapakua majani yangu, yamechemshwa, yana miso yenye siki juu. Bwana Shirakawa akasema ameingoja siku hii wiki nzima. Akashika vijiti.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Okuyama! Kumbe Fumie alimwita. Akaingia na viatu. Na viatu, juu ya mikeka! Akanyakua bakuli la mgeni, akanyakua la mkewe, akabeba na sufuria, akavimwaga vyote kwenye theluji. Nikampigia kelele kwamba wivu utamuua. Akarudi na jani moja, akanisogezea puani. "Tazama, bwana wewe! Urui una mfupa katikati, mishipa inatawanyika kutoka pale. Hili mishipa yote imenyooka toka chini hadi juu. Hii ni sumu! Ungetuzikia wakwe hapa hapa!"

Hakuna aliyenitazama isipokuwa Satsuki. Laiti angelia. Hakulia. Nilitamani kuingia chini ya mkeka nisitoke tena. Vijiti vya yule mzee vilikuwa vimeshafika mdomoni.

Kisha Okuyama akavua viatu, akapiga magoti, akawaomba radhi wageni kwa matope. Akatoa kifurushi kifuani. Urui, wa kweli. Akasema huu ndio urui wa Tokuzo, ila mizizi haijui mipaka, umechipukia upande wake. Wala hakunitazama aliposema hivyo.

Bwana Shirakawa akala. Akafumba macho. Akasema hajawahi kula kitu kitamu hivyo. Harusi ni Oktoba. Satsuki amemsindikiza Okuyama hadi barabarani, akamwinamia sana. Mimi nimefuta mikeka.

Jumatatu, 22 Aprili

Kamba imeondolewa. Dubu hakuonekana. Fumie amepanda hadi shambani akaliona pipa lake. Akalipindua. Akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipooana.

Chini ya pipa, kuzunguka chupa ya maji moto, urui! Mweupe kwa kukosa jua, laini, mnene kama kidole gumba, umejipinda kwa kukosa nafasi. Huu haukuota jana. Ulikuwepo siku zote hizo nikiwa nimeukalia, natazama mbele! Wa kwanza bondeni ulikuwa wangu! Fumie amecheka mpaka akakaa matopeni. Anasema Okuyama alisema kweli, nilikuwa naatamia.

Tumeula mchana, wawili tu. Mtamu kuliko wa Okuyama. Fumie amempelekea Okuyama nusu ya fungu lake, akanitaka niende naye nikamshukuru. Nilikuwa na kazi nyingine.

Nilikuwa nampigia simu Bwana Shirakawa. Ilibidi kusafisha jina langu, kwa ajili ya Satsuki. Nimemwahidi kwamba Oktoba, siku ya harusi, wageni wote watakula uyoga wa kwanza wa mlima huu, utakaookotwa na mimi mwenyewe. Alinyamaza kidogo, nadhani kwa furaha. Hakuna haja ya kumwuliza Okuyama. Uyoga hauna mishipa ya kumchanganya mtu.