Vazi la Usiku la Mshiriki Namba Kumi na Moja

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Urembo.

Shikamoo. Natumaini wewe na kamati yako mnaendelea vizuri. Sisi huku nyumbani tupo, isipokuwa dada, ambaye si mgonjwa ila hatoki chumbani.

Mimi hunijui. Kwenye mazoezi ya Jumamosi nilikuwa nyuma ya ile nguzo, na hata ungeniita mbele ningebaki pale pale, maana mbele za watu mdomo wangu huwa unafunga kazi. Shule niliiacha mapema. Kwa hiyo herufi zikikosea nisamehe, lakini hoja zangu usizisamehe.

Kazi yangu ni kufungua marobota ya mitumba kwa bosi wetu, tunayemwita Mama Robota. Kamba ikishakatwa, mimi ndiye nachambua: mashati huku, suruali huku, za watoto pale, na za usiku kule kwenye kona. Za usiku ni zile za kulalia. Sokoni hakuna asiyelijua hilo. Mteja akisema, "Nipe ya usiku," humpelekei koti.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Neno lenyewe. Siku dada aliyoleta fomu yenu alikuwa na beseni kichwani, anajifunza kutembea bila kuyumba. Akaniambia, "Mdogo wangu, hebu nisomee, mimi shingo haiinami." Nikasoma. Vazi la kwanza, la michezo. La pili, la ubunifu. La tatu, vazi la usiku. Bibi akauliza, "La usiku? Wanataka kumlaza?" Dada akacheka mpaka beseni likaanguka. Lakini fomu ni fomu. Mheshimiwa, dawa ya usiku mtu anakunywa akalale. "Usiku mwema" humwambii mtu anayekwenda harusini. Mlinzi wa usiku peke yake ndiye halali, na hata huyo tunamjua.

2. Kutafuta. Dada ni mrefu. Tangu shule ya msingi wanamwita Ngazi, na miaka yote alikuwa anatembea ameinamisha mabega ili afanane na wenzake. Mlipomchagua ndiyo mara ya kwanza nimemwona anatembea wima sebuleni, bila mtu kumwambia. Naomba hili ulishike, maana ndilo linaloniuma.

Sasa kwa urefu ule, kila gauni la kulalia lilimfika magotini. Moja lilikuwa blauzi kabisa. Nikapekua marobota matatu, kila gauni nalipima kifuani mwangu kwanza, kisha nakadiria. Mama Robota akapaza sauti mbele ya wateja, "We kijana, umeolewa lini, mbona hatukualikwa?" Nikatamani robota linifunike. Chini kabisa ya lile la tatu nikalipata: la buluu, zito, mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni, na kifuani kondoo wanne wanaruka uzio. Hao kondoo sijui walikuwa wanakimbia nini. Lilimfika dada kwenye vifundo vya miguu. Bibi akalipapasa, akasema, "Haya, hili ndilo gauni. Baridi haina pa kuingilia."

3. Jumamosi. Wenzake kumi walitangulia na magauni ya kumetameta. Mimi nyuma ya nguzo nikasema moyoni, masikini hawa, hakuna aliyewasomea fomu. Kisha akatoka dada, kitambaa kichwani, ndara miguuni. Katibu wako akakamata kipaza sauti: "Jamani, huyu nani kamwamsha?" Ukumbi mzima kicheko. Kuna mama alicheka mpaka akashikilia kiti cha mwenzake.

Dada hakukimbia. Alitembea mpaka mwisho, akageuka, akapiga mwayo, taratibu, kama nilivyomfundisha, maana nilimwambia vazi la usiku bila usingizi ni nguo tu. Jaji wa kwanza akapiga mwayo. Wa pili akafuata. Na wewe, Mheshimiwa, uliweka mkono mdomoni, lakini nilikuona. Nauliza kwa heshima: katika yale magauni mengine kumi, ni lipi lilimwingia jaji mwilini namna hiyo?

4. Yale ya kumetameta si ya usiku hata kidogo. Namba tatu hakuweza kukaa. Namba saba alifungwa zipu na watu wawili, mmoja kamwekea goti mgongoni. Mtu akishikwa na haja ndogo ndani ya kitu kile, mpaka zipu ifunguke kumeshakucha.

5. Barua ya Katibu. Inasema mshiriki namba kumi na moja alete vazi linalostahili kabla ya Ijumaa, la sivyo afutwe. Dada aliisoma mwenyewe, akaikunja, akaingia chumbani. Akitoka ni kwenda kuoga tu, na mabega yamerudi chini. Mheshimiwa, anayefutwa ndiye aliyefuata maandishi, na wanaobaki ni wale walioyakaidi. Mwalimu gani anasahihisha hivyo?

Kwa hiyo naomba jina la dada libaki. Lakini haki ya mmoja huitwa upendeleo, kwa hiyo washiriki wote waje na nguo wanazolalia kweli, siyo za kuazima. Wakishavaa hivyo, majaji nao wakae na suti kwa nini? Waje na zao, tuwajue. Katibu aje na kitambaa chake cha kichwani. Jukwaa liondolewe, kiwekwe kitanda, maana mtu anayetembea na nguo za kulalia huyo anatakiwa arudishwe kitandani. Atakayelala vizuri bila kukoroma ndiye mshindi, na avishwe taji polepole, asiamshwe. Taa zizimwe, watu warudi makwao mapema. Sioni pa kukataa hapo.

Naishia hapa maana karatasi inanibana. Wasalimie majaji wote, hasa wale wa mwayo, na washiriki, na yule aliyeweka goti. Katibu naye msalimie. Sina kinyongo naye, kipaza sauti ndicho kilichomponza. Bibi anakusalimu, anasema unaonekana mtu wa kulala vizuri.

Ndimi, kwa heshima na bila kurudi nyuma,

Mdogo wake mshiriki namba kumi na moja.

Nyongeza: Karatasi imekwisha kweli, kwa hiyo nimechukua fomu yenu nimalizie nyuma, nikijua nyuma ni peupe. Si peupe. Kuna maandishi. Yanasema: "Vazi la usiku ni gauni refu la sherehe. SI NGUO YA KULALIA. Tunasisitiza, kutokana na yaliyotokea mwaka jana."

Huyo wa mwaka jana, Mungu amlinde popote alipo.

Basi yote niliyoandika huko juu, kuanzia moja mpaka tano, pamoja na kitanda, yafuteni. Dada msimfute. Gauni refu la sherehe nitalipata, kesho tunakata kamba marobota mawili, na hata akicheka nani nitapima kifuani.

Tatizo limebaki moja. Dada katoka chumbani sasa hivi. Kaniletea chai, kasema, "Andika, mdogo wangu, wape vidonge vyao, wao ndio waliokosea." Nimeifunika fomu kwa kiwiko. Kwa hiyo mkijibu, tafadhali semeni tu kwamba kosa ni lenu. Ninyi ni kamati, mko wengi, mtagawana. Mimi niko mmoja, na nakaa naye nyumba moja.