Askari wa Chambo

Jumatatu, 4 Machi
Sijawahi kumwambia mtu hili. Naitaka nafasi moja iliyobaki kwenye timu ya sataranji kwa sababu huko tu kunyamaza ni sifa. Shuleni nanyamaza kwa Kiingereza, nyumbani kwa Kiswahili. Kote naitwa Bubu. Anayeigombea nafasi hiyo ni binamu yangu, ninayelala naye chumba kimoja. Mechi ni Ijumaa.

Nimeazima kitabu cha sataranji maktabani. Mpango: nasogeza askari wa mbele ya malkia hadi katikati, kisha namtoa jirani yake awe chambo. Binamu ni mlafi, atamla. Akimla tu, askari wake ameihama katikati, na katikati ni yangu. Nimeandika yote. Daftari liko chini ya godoro.

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi. Chambo hakuguswa. Binamu alisogeza askari mwingine amlinde yule wa katikati, akaniuliza kwa upole kama namwona mlafi.

Kitabu kinasema huyo mlinzi anamzibia njia askofu wake mwenyewe. Vizuri. Kesho nitambana huyo askofu akose pumzi.

Jumatano, 6 Machi
Nilimbana. Binamu akasukuma askari mmoja, katikati ikapasuka, askofu akatoka akitanua mabega. Akaniambia pole Bubu, askofu naye anahitaji pumzi.

Labda kasoma kitabu hichohicho.

Alhamisi, 7 Machi
Mkutubi anasema kabla yangu hakikuwa kimeazimwa kwa miaka sita. Basi binamu ana kipaji. Mimi sina.

Kesho nitashambulia upande wa mfalme, kwa farasi wote wawili.

Ijumaa, 8 Machi
Farasi wote wawili walikuta wanasubiriwa. Nimeshindwa kabla chai ya mwalimu haijapoa. Alipompongeza binamu, binamu akasema sifa zote ni za Bubu, kila siku anajifunza kwangu. Wakanigeukia niseme neno. Nikakohoa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimelia hadi mto umelowa. Binamu kaniletea chai. Kanishauri niandike kwa herufi kubwa zaidi, hizi ndogo zitaniharibia macho. Ana huruma, sikatai.

Mwalimu anaruhusu marudiano mwezi ujao. Nimeshajua kosa: ni ule ufunguzi. Sasa mpango mpya, kwa HERUFI KUBWA: NITAANZA NA ASKARI WA MFALME, ASKOFU ATOKE MAPEMA, KISHA

Nyayo mlangoni. Daftari chini ya godoro, palepale. Angalau hapo pamenitunzia siri.