Muswada wa Ndugu Wasitenganishwe

Ijumaa, 14 Machi
Baridi, upepo. Nimejitolea kugawa samaki wa Kwaresima ukumbini kanisani. Si kwa uchaji. Seneta Dockhorn, mwenyekiti wa kamati iliyoukalia muswada wetu sisi walezi, hakosi samaki wa Ijumaa. Muswada wenyewe mfupi: ndugu wa tumbo moja wakichukuliwa na serikali, walelewe nyumba moja. Mimi na mke wangu Arlys tunamlea Delaney, miaka tisa, hapa Lincoln, makao makuu ya jimbo. Mdogo wake, Ty, kapelekwa mji wa Alliance, magharibi kabisa. Jumapili huongea kwa simu. Ty husahau la kusema, basi dada mtu ndiye humsimulia.

Nikamjazia seneta sahani, nikaanza kumweleza. Foleni ikasimama. Mzee mmoja kule nyuma akauliza kama samaki nao wanasubiri kupigiwa kura. Seneta akacheka, akala, akaondoka. Hakuahidi kitu. Dalili njema.

Jumatano, 19 Machi
Tumepangiwa kusikilizwa na kamati Ijumaa alasiri, wakati maseneta wako njiani kurudi makwao. Bi Lorna Teeter, mwenyekiti wa chama chetu cha walezi, anasema ndiyo nafasi iliyobaki. Mimi simwamini. Anataka kuzungumza kabla yangu.

Ijumaa, 21 Machi
Dakika tatu kila mtu. Mbili nilizitumia kuwashukuru maseneta, mmoja mmoja, pamoja na wale wasiokuwepo. Taa nyekundu ya kumaliza muda ikawaka nikiwa bado najitambulisha. Lorna alisema kwa kifupi, wakamsikiliza. Mara akasimama Arlys, ambaye hatukupanga aseme lolote.

“Kila nikimlaza huyu binti, huniuliza kama mdogo wake kafunikwa blanketi,” alisema. “Sina la kumjibu.”

Akakaa. Seneta Dockhorn akavua miwani. Nilimwambia Arlys tukiwa garini kwamba amepoteza bure dakika mbili na ushee alizobakiza.

Jumanne, 13 Mei
Muswada bado umelala kwenye kamati, na kikao kinaelekea kufungwa. Leo nimegundua jambo. Lorna anazunguka kwenye korido za bunge akiuombea kura muswada mwingine kabisa! Mnene kama msahafu: chakula cha shule, vituo vya watoto wadogo, mambo chungu nzima. Ametusaliti. Nimewaandikia maseneta wote wauangushe. Maneno makali, ya kiungwana lakini. Leo nitalala usingizi mnono.

Jumatano, 14 Mei
Lorna kapiga simu asubuhi. Alikuwa mpole, jambo lililonitisha.

“Wendell, uliusoma mpaka mwisho?”

Sikufika hata katikati. Nikasema niliupitia.

“Muswada wetu uko humo. Peke yake usingepita, ndiyo maana tukauchomeka.”

Arlys alisikia yote. Hakugomba. Akaniletea viatu tu.

Kutwa nzima nimewakimbiza maseneta nikiwaambia kinyume cha niliyowaandikia. Dockhorn akanisikiliza hadi mwisho.

“Bwana Prochaska, leo uko upande gani?”

Nikamjibu, upande wa watoto. Akasema hata jana niliandika hivyo hivyo.

Jumatano, 21 Mei
Umepita. Kwa shida, lakini umepita. Lorna alilia begani kwa Arlys. Mimi nilisimama karibu, endapo angehitaji bega jingine.

Jumamosi, 7 Juni
Gavana ameshatia saini. Leo Ty kaletwa, nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Delaney hakumkumbatia. Kwanza alimkagua masikio, kisha akamwonyesha kitanda chake, kisha akamwambia asiguse vitu vyake. Sasa wanagombania rimoti, na Arlys kasimama mlangoni anawasikiliza kama anayesikiliza kwaya.

Nimekaa barazani nikitafakari ushindi huu. Kwa nini kura zilitosha? Jibu liko wazi. Barua yangu ya kupinga ndiyo iliyowaamsha. Bila hiyo, nani angejisumbua kuusoma?

Mwakani chama kinapeleka muswada wa kuwasaidia vijana wanaofikisha umri na kutoka kwenye malezi bila pa kwenda. Muswada mzuri sana. Nimeanza kuandika barua ya kuupinga.