Kichwa cha Kinyozi Si Mtahini

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Lugha,

KUH: WANAFUNZI WENU WA KIINGEREZA KUVAMIA KIOO CHANGU

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni kinyozi mwenye kibanda mkabala na lango la chuo chenu, kile chenye mlango wa buluu. Kama hunifahamu, nusu ya walimu wako nawafahamu mimi, hadi utosini. Siandiki kwa ugomvi. Naandika kwa sababu uvumilivu umeniishia, na mke wangu amechoka kunisikiliza.

Chanzo ni mwalimu wenu wa stadi za Kiingereza, yule ambaye wanafunzi wanamwita Madamu Sauti. Aliwaambia kwamba anayetaka kuzungumza vizuri mbele za watu afanye mazoezi mbele ya kioo kikubwa, tena pawe na msikilizaji. Mabweni yenu hayana kioo kinachozidi kiganja. Changu kinaanzia kiunoni hadi darini, na msikilizaji yupo palepale, ameshika mashine, hana pa kukimbilia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hawaji kunyolewa. Wanakaa kitini, wanajifunga kitambaa shingoni kama wateja wa haki, wananitajia mada kwa Kiswahili, halafu wanaanza kuhutubia. Mmoja alieleza faida za usafi huku viatu vyake vikimwaga matope kwenye sakafu niliyotoka kuifagia.

2. Mimi Kiingereza sijui. Nimewaambia. Wakanijibu kwamba hata wao hawakijui, ndiyo maana wako darasani.

3. Hili ndilo zito. Kinyozi yeyote huinamisha kichwa chake, kulia kisha kushoto, kupima kama pande mbili za nywele ziko sawa. Nimezoea hivyo tangu ujana, hata msibani nawapima watu bila kukusudia. Basi wanafunzi wenu wameamua kwamba kichwa changu kikilala kulia, hotuba ni nzuri. Kikilala kushoto, imeharibika. Wanaibadilisha papo hapo. Binti mmoja alikuwa anautetea umwagiliaji kwa moyo wote. Nikainama kushoto kutazama nyuma ya sikio lake, akaanza kuupinga. Bahati mbaya, wote waliopata kulia wakafaulu mtihani. Tangu hapo foleni inafika hadi kwa fundi viatu.

4. Mwalimu mkuu mstaafu, mteja wangu wa miaka yote, alikuwa amenyolewa upande mmoja pale mwanafunzi aliposimama kati yetu na kioo, akaniomba nitulize mashine nisikie hitimisho. Hitimisho la wanafunzi wenu, Mheshimiwa, halihitimishi. Mzee akatoka na kofia, akaenda hivyohivyo kwenye harusi ya mpwa wake. Hakuivua hata kwenye picha.

5. Siku moja niliamka na shingo imekaza, sikuweza kuinama upande wowote. Palikuwa na kilio. Wengine walidhani somo limefutwa. Wakanunua mafuta ya kuchua, wakanichua shingo kwa adabu sana, upande wa kulia tu.

6. Kuna kijana mwembamba tunayemwita Sindano. Huyu hana habari na usafi wala umwagiliaji. Anahutubia juu ya punda wa mjomba wake aliyeingia ofisi ya ardhi. Maneno siyajui, lakini mikono yake naielewa: masikio, ngazi, karani juu ya meza. Madamu amewapa dakika nne tu, na kila siku dakika zinaisha punda akiwa mlangoni kwa bosi. Sindano anashukuru, anafungua kitambaa, anaondoka. Hiyo ni kumtesa raia asiye na hatia.

Kwa hiyo naomba Idara iwatangazie wanafunzi, kwa maandishi na mhuri, kwamba kichwa changu hakina mamlaka. Ikishindikana, nipewe joho na cheo cha mhadhiri, ili yule mzee ajue aliaibika kwa jambo la maana. Na hilo likishindikana, hamisheni lango.

Wasalimie walimu wote, hasa yule wa historia. Mwambie upara haukomeshwi kwa kuhama kinyozi. Wasalimie walinzi na wapishi wa bwalo. Msalimie na Madamu Sauti, ingawa hastahili.

Ni mimi, mwenye shingo inayoendelea kupata nafuu,
Kinyozi wa Mlango wa Buluu

Tanbihi: Nimeleta barua nikakuta lango limefungwa; mlinzi anasema mmekwenda likizo. Imekaa kwenye droo pamoja na mikasi. Kibanda kimekuwa kimya hadi nasikia mashine yangu mwenyewe, na sauti yake kumbe siipendi. Jana mzee mstaafu alikuja, nikamnyoa pande zote mbili bila kukatizwa na mtu. Tukamaliza mapema, tukabaki tunatazamana kiooni. Yeye ndiye aliyeanza: hivi yule punda aliingia kwa bosi, au hakuingia? Kiingereza anakijua vizuri, lakini hata yeye hajui, maana Sindano hajawahi kufika mwisho.

Mheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu yafute. Kioo nimekisugua, na benchi nimeongeza. Ila nakuomba sana umwambie Madamu Sauti amwongezee Sindano dakika. Moja tu inatosha, punda yuko mlangoni tayari.