Siku Kiilu wa Kanyangi Alipoketi

Sogeeni, enyi wa Kanyangi na enyi wa Kabati, enyi waendesha baiskeli na enyi mnaojivunia miguu yenu! Zima redio hiyo, mama, na wewe hapo nyuma weka muwa chini, maana nitakayosimulia ni makubwa. Nitasema habari za Kiilu mwana wa Nzioka, Simba wa Mayai, Mkanyaga Pedali Asiyechoka, aliyefunga makapu mawili kwenye keria akayafikisha soko la Kabati pasipo kuvunjika hata yai moja. Jinsi alivyojeruhiwa mahali ambapo mashujaa hawajeruhiwi, na jinsi alivyoketi. Mimi ni Ndeti, fundi wa baiskeli. Nilikuwepo. Anayebisha anyoshe mkono, na baiskeli yake ataitengeneza mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, katika vumbi lile la kabla ya mvua za Novemba. Kiilu alimpenda Syombua, binti wa Mutiso, yule shemasi mkali aliyezunguka makanisa yote ya upande huu kwa baiskeli. Akampenda hata akaja kwangu, akasimama mlangoni akanena: "Ee Ndeti, bwana wa spana! Inua kiti cha farasi wangu wa chuma, ili nikipita mbele ya boma la Mutiso nionekane mrefu kama inspekta wa polisi!"

Nami nikakiinua. Sikatai, ni mimi niliyekiinua, tena kwa spana hii hii.

Basi vidole vya miguu yake vikawa vinaifikia pedali kwa taabu, nyonga zikicheza kushoto na kulia kutwa nzima. Suruali nayo alikuwa ameitia kiraka mwenyewe, kiraka cha turubai la lori, na mshono wake mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Jasho likaingia, vumbi likafuata. Wiki ya tatu adui alikuwa amekwisha kupiga kambi: ngozi imechubuka, na vijipu viwili vimesimama kama walinzi, pale pale mtu anapokutana na kiti.

Na wiki hiyo ndiyo aliyoitwa kwa Mutiso kwa mara ya kwanza.

Mutiso alikuwa kwenye kiti chake, juu ya mto mnene wa sufi ambao hakuna mtu wa boma lile aliyethubutu kuugusa. Akamwonyesha mgeni kigoda cha mti.

"Keti, kijana."

"Niko sawa, mzee. Nitasimama."

"Keti, chai inakuja."

"Asante, mzee. Hata chai nitainywa hivi hivi."

Jamani! Kwetu Ukambani mgeni akikataa kigoda amekuja na kesi, au ameona nyumba ni chafu. Na kujieleza hawezi, kwa kuwa mbele ya baba mkwe mtu hataji hata kiuno, sembuse majirani wa kiuno. Kiilu akasimama akitokwa na jasho, ulimi umefungwa kwa heshima, na Syombua aliyeshika birika akamtazama huku machozi yakimlengalenga.

Ndipo Mutiso akanguruma: "Sikieni, enyi kuta za nyumba yangu! Nimepokea wachungaji, nimepokea machifu, na wote wakaketi. Huyu muuza mayai anasimama kana kwamba kigoda changu kina siafu! Basi, wiki mbili kutoka leo wazee watakuja kupanga mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba. Ukiketi tangu maombi ya kufungua hadi maombi ya kufunga, binti ni wako. Ukisimama kabla ya hapo, usimamie kwenu!"

Akaenda shujaa wetu, akatafuta silaha. Jumapili asubuhi, kando ya njia ya mtoni, alijipaka ile dawa ya kifua, ile inayowasha. Ole wake! Waumini waliokuwa wakielekea kanisani walisikia kilio, wakasema Kiilu ameanza kushuhudia mapema.

Jumatatu alinijia akichechemea, akaniambia yote. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwona anafuta macho. "Nikimkosa Syombua, Ndeti," akasema, "mimi kwisha." Kicheko kikanikauka, maana spana ilikuwa mkononi mwangu bado.

Nikampeleka zahanati kwa muuguzi, Sista Wariara, binti wa Nyeri, Malkia wa Dettol na Pamba. Kiilu akamwambia anaumwa mgongo.

"Mgongo gani unakufanya utembee kama bata?" akauliza Sista. "Ingia hapa nyuma ya pazia, ugeuke!"

Alipokwisha kutazama akatoa amri, nami nje nilisikia kila neno, na nadhani foleni nzima ilisikia: "Sikiliza, mwana wa Nzioka. Asubuhi na jioni utaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Utakausha kwa kitambaa safi, kwa kubonyeza, si kwa kusugua. Usitumbue kitu! Vaa nguo pana, hewa ipite. Ngozi ikishafunga, upake mafuta ya mgando kabla ya kila safari, na nguo ya jana usirudie kabla ya kuifua. Ukiona usaha au homa, rudi hapa mbio."

"Mbio siwezi, Sista."

"Basi rudi polepole. Na baiskeli, siku kumi usiipande."

"Siku kumi! Na mayai je?"

"Mayai yana miguu? Wewe unayo. Sukuma!"

Akasukuma! Siku kumi, enyi wasikilizaji, Mkanyaga Pedali alikwenda kwa miguu kando ya baiskeli yake, vilima na mchanga, na watu wakimpigia kelele, "Kiilu, umeinunua uitembeze?" Akazidi kusukuma. Jioni alifika kwake, akachemsha maji.

Mimi nami sikulala juu ya dhambi yangu. Nilibandua kile kiraka, nikampelekea fundi cherehani ile suruali aweke kingine cha kitambaa laini, kisicho na mshono katikati. Nikashusha kiti mpaka goti likawa linakunjwa kidogo pedali ikiwa chini, nikakilaza sawa, pua yake isielekee mbinguni. "Ukifika kwenye mawe," nikamwagiza, "simama kwenye pedali, usikae ukapigwa."

Siku kumi zilipokwisha akakipanda, akajitazama. "Nimekuwa mfupi," akasema kwa huzuni.

"Mfupi mwenye mke," nikamwambia.

Siku ikafika. Wazee wakajaa, nami nikiwa upande wa Kiilu. Kigoda kikaletwa, kile kile. Kiilu akakitazama kama mtu atazamavyo mto uliofurika, akaketi.

Maombi ya kufungua yalitembelea kila mgonjwa wa wilaya. Chai ikaja mara tatu. Mbuzi wakajadiliwa rangi, pembe na ukoo. Wazee walisimama kujinyosha; Mutiso mwenyewe aliinuka mara nne na kuugeuza mto wake. Kiilu hakusogea. Hatimaye neno la mwisho, "Amina!" likatoka, na vigelegele vya Syombua mwenyewe vikawa vya kwanza. Nililia, sioni aibu kusema.

Jumatatu asubuhi nilifungua duka nikamkuta Mutiso mlangoni, ameshika baiskeli. Alikuwa ameisukuma kutoka kwake. Juu ya kiti cha baiskeli umefungwa ule mto wa sufi, kwa mpira wa tyubu.

"Fundi," akasema, akitazama barabarani, "kiti hiki kimejiinua chenyewe."

"Vinajiinua sana mwaka huu, mzee."

Akaanza kuufungua ule mto. "Mkwe wangu simwulizi, unaelewa. Lakini yule Sista hufungua saa ngapi?"

Basi vizazi vijavyo viambiwe: palikuwa na Kiilu mwana wa Nzioka, aliyeketi tangu maombi hadi maombi, na baada yake Kanyangi yote ikaketi.